Dawa mbili zilipogombana tumboni mwa Mama

Kwa siku nne mama yangu alimeza dawa ambayo karibu yote ilipita bure. Aliyeiharibu ni mimi, tena kwa mapenzi, kwa kijiko cha maziwa ya magnesia.

Mama alikuwa amekuja kukaa nasi hapa Nairobi. Ana miaka 68, na kiungulia chake ni cha siku nyingi. Akila maharagwe jioni, hukesha akijisugua kifua. Chupa ya magnesia haikosi katika mkoba wake. Ni nyeupe, haichomi, na huuzwa bila karatasi ya daktari. "Hii si dawa, mwanangu, ni maziwa tu," huniambia.

Maziwa hayo ni magnesiamu haidroksaidi. Kijiko kimoja au viwili vidogo hupunguza makali ya asidi tumboni. Ukizidisha kipimo, dawa ile ile huwa haluli: huvuta maji hadi ndani ya matumbo, na kati ya nusu saa na saa sita mtu huutafuta msala. Ile chumvi ya haluli ambayo wengi wetu tulinyweshwa utotoni huku tumebanwa pua ni ndugu yake.

Basi Mama akashikwa na homa, na haja ndogo ikawa inamchoma. Daktari alimwandikia siprofloksasini, tembe moja asubuhi na moja jioni. Nikajitwika unesi. Kila alipomeza tembe, nilimfuatishia kijiko cha magnesia ili dawa isimsumbue tumbo. Niliona nimefanya la maana.

Siku ya nne homa ilikuwa pale pale, na sasa maumivu yamehamia mgongoni, upande wa figo. Daktari akaanza kuzungumzia viini sugu, sindano na kitanda cha hospitali. Kusema kweli, usiku ule nilihesabu pesa kuliko nilivyoomba Mungu.

Aliyetuokoa ni mfamasia wa mtaani. Nilipokwenda kuuliza bei ya sindano hizo, aliniuliza, "Mama anameza tembe na nini?" Nikamweleza kwa fahari. Akatikisa kichwa. Akanifafanulia kwamba magnesiamu huikamata siprofloksasini humo tumboni, zikashikamana, na utumbo ukashindwa kuifyonza. Dawa hutoka na choo.

Tembe hiyo imezwe angalau saa mbili kabla ya magnesia, au saa sita baada yake. Doksisaiklini na tetrasaiklini nazo hunaswa vivyo hivyo. Hata tembe za madini ya chuma wanazopewa akina mama wajawazito hupungua nguvu, na mwenye kumeza dawa ya tezi la shingo atenganishe kwa saa nne.

Kisha akauliza habari za figo, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Magnesiamu iliyoingia mwilini hutolewa na figo. Zikiwa dhaifu, jambo la kawaida kwa wazee, hurundikana katika damu. Mtu hulegea, husinzia ovyo, shinikizo la damu hushuka, na ikizidi mno moyo huweza kusimama. Nilikuwa nimemnywesha mama yangu mara mbili kwa siku bila kuuliza swali hata moja.

Nilirudi kwa daktari nikaungama. Hakunikaripia. Alimpima Mama damu, akakuta figo ziko salama, akaamuru tembe zianzwe upya. Saa moja asubuhi tembe, saa tano magnesia kidogo ikiwa kiungulia kimemzidi, saa moja jioni tembe. Siku ya tatu homa ilimwachia, akaomba uji.

Chupa sasa inakaa kabatini kwangu, si mkobani mwake. Mama hajafurahi. Ikifika saa tano huniita kutoka sebuleni, "Daktari, maziwa yangu yameruhusiwa?"