Kijana Snow Mbele ya Wavuvi wa Mkuyuni

Mimi ni mtafsiri wa filamu katika kibanda umiza, hapa Mkuyuni, Mwanza, jirani na barabara ya kwenda Nyegezi. Vifaa vyangu ni kompyuta iliyochoka, maiki, mixa ndogo na spika mbili, na watazamaji wangu hukaa kwenye mabenchi ambayo siku za ligi ya Uingereza hayatoshi. Ng'ambo ya ziwa, Waganda humwita mtu wa kazi hii VJ. Huku kwetu, ukiitaja kazi hii mbele ya watu wa rika langu, jina la kwanza watakalokutajia ni Lufufu wa Dar es Salaam, yaani Derek Mukandala, ambaye wengi wetu tulijifunza kwa kumsikiliza tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haitupendi, na sitajifanya siijui.

Filamu za ngumi na risasi hazina tabu. Unamtaja mbaya wetu, unamtaja nyota wetu, unatia chumvi kidogo, watu wanacheka, siku inapita. Iliyonitoa jasho ni The Hunger Games: The Ballad of Songbirds & Snakes, ya mwongozaji Francis Lawrence, iliyotoka Novemba 2023. Imetokana na riwaya ya Suzanne Collins ya 2020, nayo inarudi nyuma miaka 64 kabla ya hadithi tuliyoizoea katika filamu nne za 2012 hadi 2015. Kwa asiyezijua: kuna nchi inaitwa Panem, yenye mji mmoja mnene na wilaya zinazoulisha. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana na msichana, jumla watoto 24, wakauane uwanjani mpaka abaki mmoja, huku wenye mji wakitazama kwenye runinga. Rais wa nchi hiyo, Snow, ni mzee wa ndevu nyeupe mwenye ua la waridi kifuani na roho ya fisi. Filamu hii inamwonyesha akiwa na miaka 18, mzuri wa sura, yatima, mwenye njaa. Tom Blyth ndiye anayemwigiza.

Sasa niambie: mtafsiri afanye nini? Amwambie mtu aliyelipa kiingilio, dakika ya kwanza, kwamba kijana huyu ndiye yule shetani? Au anyamaze?

Wenzangu wengi husema palepale. Wana hoja yao: mtazamaji akichelewa kujua anajiona amedanganywa. Mimi nilikataa, na hadi leo nakataa. Hadithi inayorudi nyuma haina siri ya mwisho, kwa hiyo utamu wake wote umo njiani: mtu alipindaje? Ukimwita mbaya kabla hajafanya ubaya wowote, umefunga njia.

Kabla ya kushika maiki nilikitafuta kitabu chenyewe, nikakipata kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe. Ndipo nilipoona ugumu waliokutana nao wenye filamu. Kitabu chote kimo kichwani mwa Snow. Kinaanza na kijana anayepika kabeji na kuhesabu aibu zake: ukoo mkubwa, nyumba kubwa, chakula hamna. Kila anapomsifu mtu, papo hapo anampigia hesabu atamfaa kwa lipi. Anayesoma anamwogopa mapema, kwa sababu anaisikia hesabu hiyo. Kamera haisikii hesabu. Inaona kijana mrembo anamgawia chakula binti mwimbaji wa Wilaya ya Kumi na Mbili, Lucy Gray, mmoja wa wale 24, na ukumbi mzima unampenda.

Waandishi wa mswada, Michael Lesslie na Michael Arndt, hawakumpa Snow sauti ya kujisemea moyoni. Badala yake walichukua jambo ambalo kitabuni ni kumbukumbu, wakalifanya mlango wa filamu: wakati wa vita, Snow akiwa mtoto pamoja na binamu yake Tigris, wanamwona mtu akikata mguu wa maiti barabarani. Njaa hiyo. Hapo kibandani huwa sisemi chochote. Mara ya kwanza kuionyesha, mzee mmoja wa Kisukuma aliyekaa mbele alinigeukia, akasema taratibu, "Ng'wanawane, huyo mtoto hatakuwa mzima tena." Hakuwa ameiona hata moja kati ya zile filamu nne.

Usiku ule kulikuwa na wavuvi wengi. Wavuvi wa dagaa hawatoki mwezi ukiwa mpevu, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, na siku hizo ndizo zinazonilipia umeme. Waliposikia kwamba Wilaya ya Nne ni ya wavuvi, biashara ya Lucy Gray ikaishia hapo. Wakamchukua Coral, binti wa Wilaya ya Nne, katili kweli, anayewinda wenzake kwa chusa cha meno matatu. "Huyo wa kwetu!" Kila akichoma mtu, benchi linagongwa. Kitabuni Coral hakukuzwa hivyo, kwa kuwa Snow hamjali na sisi tunaona anachokiona Snow tu. Kamera iko huru kumwacha Snow ikaenda kukaa na Coral uwanjani, na hiyo ndiyo faida ambayo filamu imeipata na riwaya haina. Nyoka walipomfikia Coral, kibanda kilinyamaza kabisa. Kijana mmoja akauliza kama wilaya yake ingelipwa chochote. Mwanza tunauelewa mji unaokula samaki wa wengine. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare, iliyotuonyesha duniani kama jehanamu ya sangara na ndege za mizigo, na watu hapa bado wanabishana kama tulisemewa au tulitukanwa.

Sehemu ya tatu ndiyo inayonikera. Filamu ina dakika 157 na imegawanywa mafungu matatu kama kitabu, lakini fungu la mwisho linakimbizwa. Snow amefanywa askari na kupelekwa Wilaya ya Kumi na Mbili. Anamnasa rafiki yake Sejanus kwa ndege anayehifadhi maneno ya watu, na Sejanus ananyongwa. Kisha yuko msituni na Lucy Gray, wanatoroka, na ulimi unamteleza: anataja kwamba ameua watatu. Binti anawajua wawili. Kitabuni hofu inapanda taratibu, wazo kwa wazo, mpaka unaona mapenzi yakigeuka bunduki. Kwenye kioo mambo hayo yanakwisha upesi, na asiye makini anabaki anauliza kwa nini wapenzi wanawindana.

Hapo ndipo ninapoingia. Napunguza sauti ya filamu, nasogeza maiki mdomoni, nasema kwa mnong'ono kama michezo ya redio ilivyokuwa ikifanya: Snow, moyoni. Namrudishia hesabu zake, zile za kitabuni, kwa maneno yangu. Anajua. Akijua atasema. Akisema nimekwisha. Siongezi zaidi. Wakiniuliza kama Lucy Gray amekufa au ametoroka, siwajibu, kwa sababu Collins hakujibu wala filamu haikujibu. Najua watafsiri ambao wangemuua au wangemwozesha ili watu walale vizuri.

Mwishoni kabisa husikika sauti ya Donald Sutherland, yule mzee wa filamu za kwanza, aliyefariki 2024. Hapo tu ndipo ninapowaambia: huyo mnayemsikia ndiye kijana huyu, akishazeeka. Wapo wanaotukana. Wapo wanaotaka irudishwe mwanzo.

Sisi tunazo hadithi za namna hii. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu mwaka 2021, kila Mtanzania aliyeitazama alijua kwamba baada ya Zanzibar ile ya miaka ya 1950 yanakuja Mapinduzi ya 1964, na bado wahusika wake Yasmini na Denge walitushika. Kujua kinachokuja hakukuharibu kitu. Tofauti ni kwamba wengi tuliisoma riwaya shuleni, tukaenda na kalamu nyekundu.

Ombi langu ni kwa vijana wa kamera wa Mwanza. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, meli moja tu kutoka hapa, alituachia riwaya za Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991: dunia iliyovurugika, na mtu mmoja anayetembea ndani yake akiuliza maswali. Karibu yote yamo kichwani mwa msimulizi. Ombeni haki kwa wenye haki, mfanye filamu ya mojawapo, na msiogope kumpa msimulizi sauti yake ya moyoni, Kiswahili kinaibeba. Mkishindwa kuiweka, basi nileteeni filamu hiyo mapema pamoja na kitabu, kwa kibali halali, niiseme mimi.