Orofa Zikija Sachangwan, Jirani Ataulizwa?

Shangazi yangu wa Sachangwan, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ana wasiwasi. Shamba la jirani limeuzwa, na inasemekana mnunuzi atajenga orofa nne za vyumba vya kupangisha pale palipokuwa na viazi na malisho. Ramani hajaiona, tangazo hajaliona. Habari amezipata kwa mtu anayekusanya maziwa. Akaniuliza: "Mwanangu, huko Uingereza mtu akitaka kukujengea hivyo ubavuni, wanakuuliza?"

Wanauliza. Hapa Reading ninapoishi, ombi la ujenzi wa namna hiyo likifika kwa halmashauri, tangazo hubandikwa kwenye nguzo ya taa au majirani wanaopakana na kiwanja huandikiwa barua. Michoro yote iko wazi kwa yeyote, hadi dirisha litakaloelekea uani kwako. Kuna siku zisizopungua 21 za kutoa maoni. Ombi likifikishwa mbele ya kamati ya madiwani, mpingaji kwa kawaida hupewa dakika chache aseme yake. Msongamano wa magari unasikilizwa, na jua kuzibwa pia. Nyumba yako kushuka bei hakuhesabiwi.

Halafu mwenye mradi anaweza kutakiwa alipie mzigo anaouleta. Kifungu cha 106 cha sheria ya mipango ya mwaka 1990 kinairuhusu halmashauri kumfunga kwa mkataba achangie shule, barabara au uwanja wa watoto. Hili natamani tungekuwa nalo kila kaunti.

Lakini kibali kikishatoka, jirani wa Uingereza hana pa kukata rufaa. Mwenye mradi akinyimwa, anayo rufaa, jirani hana. Kinachobaki ni kwenda Mahakama Kuu ndani ya wiki 6, na huko anapinga uhalali wa uamuzi tu, kwa gharama inayowatisha wengi.

Sheria yetu ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imempa jirani zaidi ya hapo. Inamtaka anayeomba kibali autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi. Uamuzi ukitoka, mtu yeyote mwenye maslahi ambaye hakuridhika anaweza kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti iliyoundwa kwa kazi hiyo, na asiporidhika huko aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Shangazi yangu, mwenye ng'ombe wawili, ana haki ambayo jirani yangu wa Reading hana.

Tatizo ni kwamba rufaa hiyo ina siku 14 tangu uamuzi utolewe. Asiyejua kwamba ombi lilipelekwa atajuaje siku lilipoamuliwa? Ataona lori la mawe limeingia shambani, na siku zake zitakuwa zimekwisha.

Na Sachangwan si mahali pa kujengwa kwa kubahatisha. Nyumba 605 za mradi wa serikali wa Bondeni zilijengwa ndani ya jiji la Nakuru, lenye mitambo ya kusafisha maji taka. Kwa kina shangazi kila boma lina choo chake cha shimo, na wengi huteka maji kisimani. Familia arobaini kwenye ploti moja zitapeleka wapi maji machafu? Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kivuli na kelele.

La pili ni barabara kuu inayopita Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka huko, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakafa. Kila anayepanga kuweka watoto wengi kando ya barabara hii ya malori, yenye mteremko na ukungu, anapaswa kueleza watavukia wapi na gari la zimamoto litapitia wapi. Sasa upanuzi wa barabara hiyo, kutoka Rironi hadi Mau Summit, umeanza, na ninaamini bei ya ardhi itapanda na maombi ya orofa yataongezeka.

Sipingi nyumba. Walimu, vijana wa boda boda na wauzaji wa viazi wanahitaji vyumba vizuri, na si haki tuliojengewa na wazazi wetu kuwafungia mlango. Ninachotaka ni tangazo la Kiswahili, libandikwe penye watu: kituo cha maziwa, ofisi ya chifu, lango la kanisa. Siku 14 nazo zihesabiwe tangu uamuzi ubandikwe hapo hapo.

Kwa sasa tunaandika barua, shangazi na mimi, kwa simu. Majirani watatu wamekubali kutia sahihi. Hatuandiki "hatutaki orofa". Tunaomba kuona michoro, tunauliza tangi la maji taka litakuwa hatua ngapi kutoka kisimani na nani atalipia kulinyonya likijaa, na tunataka kujua kama ombi limeshapelekwa kaunti na lini litaamuliwa. Nimemwambia aipeleke barua hiyo Nakuru mwenyewe, na asiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri wenye tarehe.