Nyuma ya milango ya kasri: Beijing na Unguja

Katika kasri la wafalme hapa Beijing, lililoanza kujengwa 1406 na kukamilika 1420, makazi ya wanawake yako upande wa ndani kabisa: nyumba sita mashariki, sita magharibi. Herufi moja ya kale inayoyataja ni 闈, husomwa wei. Pande zake mbili ni mabawa ya mlango, na katikati kuna herufi ndogo inayoashiria sauti. Asili yake ni mlango mdogo wa pembeni wa kasri. Baadaye ikaja kumaanisha huko ndani kwenyewe, waliko wake na masuria. Kumbi za mitihani ya serikali nazo zilitajwa kwa herufi hiyohiyo. Humo wanaume walifungiwa, na waliofaulu wakatoka na njia ya kupata vyeo. Mwanamke hakuruhusiwa kuufanya mtihani huo.

Enzi ya nasaba ya Qing wanawake wa kasri walipangwa ngazi nane, na kila ngazi ilikuwa na posho yake: fedha, hariri, nyama, mpaka mishumaa. Maofisa waliandika yote hayo, ila wengi wa wanawake wenyewe tunawajua kwa ukoo na cheo tu. Hata Cixi, aliyeingia 1852 akiwa suria wa ngazi ya sita akaja kuitawala China, jina lake la utotoni halina uhakika.

Kwetu Unguja habari za ndani ziliandikwa na mtu wa ndani. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultan wa Oman na Zanzibar, alizaliwa katika kasri la Mtoni 1844, na kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani 1886. Mama yake alikuwa suria, na tunamjua kwa jina: Jilfidan, Mcherkesi, aliyetekwa akiwa mtoto baada ya wazazi wake kuuawa. Tunajua alikuwa mrefu, mwenye nguvu, nywele zake nyeusi zikimfika magotini. Hakuna daftari la posho linaloweza kutupa hayo. Mwana ndiye aliyemkumbuka mama yake.

Lakini Salme ni mmoja. Kasri la Maruhubi, alilolijenga Sultan Barghash kwa ajili ya wanawake wake, liliungua 1899 na leo zimebaki nguzo. Walioishi pale nao walikuwa na majina na makwao. Unguja na Muscat wapo wazee waliosimuliwa habari za bibi zao waliokuwa masuria, na wengi huona haya kuzitaja mbele ya wageni. Wajukuu, kaeni nao mwandike: jina la bibi huyo, alikotolewa, lugha aliyokuwa akiwaimbia wanawe.