Mashini Iliyokosa Nyekundu

Twataka kuwasimulia habari ya kompyuta ya parokia, maana tulikaribia kufanya kosa kubwa kwa ajili ya kitu kidogo kuliko sindano.

Ilikuwa mwezi wa Novemba 2024. Tarehe 18 Agosti ya mwaka ule, mjini Uvira, Kanisa lilikuwa limewatangaza kuwa Wenye Heri wale wafiadini wanne waliouawa kwetu tarehe 28 Novemba 1964: Luigi Carrara na Vittorio Faccin hapa Baraka, Giovanni Didonè na Albert Joubert kule Fizi. Tulipewa kazi ya kutengeneza karatasi ya ukumbusho, yenye picha za sherehe ya Uvira. Basi tukawasha jenereta, tukafungua mashini. Lo! Ukurasa mweupe ulikuwa na rangi ya maji ya ziwa karibu na ufuko. Dhahabu ya kalisi ilikuwa kijani kama jani la muhogo. Mama mmoja mzee, aliyekuja kuomba cheti, akachungulia, akasema: “Mwalimu, mbona mapadri wamevaa nyeusi kama watu wa matanga? Siku ile nilikuwako, walivaa nyekundu.”

Tukamjibu bila kufikiri: “Mama, ni picha tu, imeharibika.”

Tukamwita kijana mmoja mwenye kutengeneza simu. Akatazama kidogo, akasema mashini imeingiwa na virusi, dawa yake ni kufuta yote na kuanza upya. Nusura tukubali. Lakini ndani ya mashini ile mlikuwa na orodha za ubatizo, tulizokuwa tukizinakili kwa miaka minne kutoka vitabu vya zamani vilivyoanza kuliwa na mchwa. Tangu mwaka 2005 ndugu zetu waliokimbilia Tanzania walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na wengi walirudi mikono mitupu. Mtu aliyepoteza nyumba na karatasi zake zote, akionyeshwa jina lake na la baba yake katika orodha, hukaa kimya kwanza, kisha hufuta machozi. Nasi, twaungama kwa aibu, hatukuwa na nakala nyingine.

Basi tukamwomba kijana angoje. Kwanza tukanakili orodha zote katika fulashi mbili. Ndipo tukaanza kuuliza, hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa seminarini kutafuta chanzo kabla ya kutoa hukumu.

Mashini yetu ni ya Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, na tangu Aprili 2014 wenyewe wameacha kuihudumia. Tulibonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa skrini, tukachagua “Propriétés”, kisha “Paramètres”. Pale pameandikwa wingi wa rangi. Tulikuta biti 16, yaani rangi 65,536. Zaonekana nyingi, lakini katika picha ya uso wa mtu au ya mbingu hazitoshi. Mahali pa kufifia pole pole, rangi huruka kama ngazi. Tukapandisha hadi 32, ambayo huonyesha rangi zaidi ya milioni 16. Nyuso zikalainika. Hata hivyo nyekundu haikurudi. Kumbe ugonjwa ulikuwa wa namna mbili!

Hapa yatupasa kueleza jambo. Rangi za mwanga si kama rangi za kupakia ukuta. Skrini ina nukta za aina tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Zikiwaka zote pamoja, jicho laona nyeupe. Nyekundu na kijani pamoja hufanya manjano. Basi ukiondoa nyekundu, nyeupe hubaki buluu ya kijani, manjano hubaki kijani, na nyekundu yenyewe hubaki giza. Ndivyo hasa tulivyoona. Rangi moja ilikuwa haifiki.

Je, mgonjwa ni skrini au ni njia ya kuifikia? Tulibonyeza kitufe cha skrini yenyewe, ili itoe orodha yake ya mipango. Orodha hiyo haitoki katika kompyuta, skrini huichora yenyewe. Ikatokea na nyekundu safi! Basi skrini ilikuwa nzima. Tukazima yote, tukafungua skrubu mbili za waya wa picha. Waya wa namna hiyo, uliotokea mwaka 1987, una pini 15 katika safu tatu, na ya kwanza, ile ya pembeni, hubeba nyekundu. Ya kwetu ilikuwa imelala. Bila shaka mtu alikuwa ameuchomeka waya kwa nguvu gizani, na huenda mtu huyo ni sisi wenyewe.

Tukainyosha kwa kibano, pole pole, mara moja tu, maana ikikunjwa tena na tena hukatika. Msomaji akiona tundu moja halina pini, asishtuke: nyaya nyingine hutengenezwa hivyo, hasa ile ya tisa. Tukarudisha waya, tukawasha. Mapadri wakavaa nyekundu.

Kijana yule alicheka pamoja nasi, na tangu siku ile hutazama waya kwanza. Karatasi zenyewe tulizichapa kwa wino mweusi tu, kwa kuwa wa rangi ni ghali. Lakini orodha zipo, na fulashi moja imehifadhiwa Fizi, mbali na mashini.

Yule mama tulimtafuta baada ya Misa. Tukamwambia: “Mama, ulisema kweli. Picha haikuharibika.” Akajibu: “Najua, Mwalimu. Nilikuwako.” Kisha akatukumbusha cheti chake, nasi tukamwandikia siku ile ile.