Safari ya Saanane na Rubondo

Mwezi huu twataka kuwachukua pamoja nasi hata visiwa viwili vya Ziwa Victoria, Saanane na Rubondo. Visiwa hivi si shamba la mtu wala si mwalo wa wavuvi. Ni hifadhi za taifa, maana yake ni mali ya watu wote, na kila aingiaye hufuata sheria moja. Watu huenda huko kupumzika: kupanda majabali, kutembea msituni, kupiga makasia, na kuvua samaki kwa ndoana. Labda mtauliza, Je, kuvua nako ni mapumziko? Kwetu kuvua ni kazi ya jasho, tena ni usiku usio na usingizi. Swali hilo ni jema, nasi tutalijibu kabla ya kumaliza habari hizi, kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa lihusulo chakula cha watoto wetu.

Kwanza yafaa tulitazame ziwa lenyewe. Ukubwa wake wapata kilomita za mraba 68,800, nalo ni la pili duniani katika maziwa yote ya maji baridi. Lakini kina chake si kirefu kwa kadiri ya upana wake. Mahali penye kina kuliko pote ni kama mita 80 tu. Zamani wenyeji walivua humo ngege, ningu, kambare, kamongo, na furu wa namna mamia. Katika miaka ya 1950 wakatiwa samaki wageni, sangara na sato wa Mto Nile. Sangara ni mlaji mkuu. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima, na namna nyingi za furu hazikuonekana tena. Papo hapo sangara huyo huyo akaleta viwanda na fedha, na minofu yake ikapelekwa hata Ulaya. Basi nyavu zikaongezeka, na mitumbwi ikaongezeka, na macho ya nyavu yakapungua ukubwa. Wavuvi wazee wa pwani za ziwa watawaambia wenyewe kwamba sasa huenda mbali zaidi, na kurudi na kidogo zaidi.

Sasa twende Saanane. Kisiwa hiki ki ndani ya jiji la Mwanza, na kutoka Capri Point mashua hufika kwa dakika chache. Ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa katika Tanzania; pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 2.18 tu. Jina lake ni jina la mtu. Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa hiki, hata mwaka 1964 kilipofanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali katika nchi yetu. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mzee huyo alihama, lakini jina lake halikuhama. Twaona vema watoto waambiwe habari hii wanaposhuka mashuani, ili wajue ya kuwa mahali hapa pa furaha palikuwa nyumba ya mtu.

Kisiwani mna majabali makubwa yaliyobebana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Pimbi huota jua juu yake, na mijusi wenye vichwa vyekundu na viuno vya samawati hukimbia huku na huku. Swala pala hula majani karibu na njia, wala hawashtuki upesi. Mtu akipanda mpaka juu aona jiji la Mwanza upande mmoja na maji yasiyo na mwisho upande wa pili. Wenye nyumba huja na chakula chao wakaketi chini ya miti, na walimu huja na darasa zima wakarudi siku ile ile. Kwa hiyo Saanane yafaa kwa mtu mwenye siku moja na fedha kidogo.

Rubondo si ya siku moja. Kutoka Mwanza tulishika njia ya magharibi. Zamani msafiri alingoja kivuko pale Kigongo, pengine saa nyingi. Lakini tangu mwezi wa Juni mwaka 2025 liko daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hata Busisi, na gari huvuka kwa dakika chache. Tukapita Sengerema, Geita na Katoro, tukafika Chato, na mwisho Kasenda, mwalo ulio karibu na Muganza. Hapo ndipo mashua ya hifadhi huchukua wageni, na mwendo wake haufiki hata saa moja.

Kisiwa cha Rubondo kina urefu wa kilomita 28 hivi, na sehemu yake kubwa ni msitu. Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 456.8, zaidi kidogo ya nusu ni nchi kavu, na sehemu nyingine yote ni maji. Zamani Warongo walikaa humo, wakavua na kulima. Katika miaka ya 1960 serikali iliwahamishia visiwa vya jirani na vijiji vya bara, na mwaka 1965 Rubondo ikatangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek, wa shirika la wanyama la Frankfurt, alileta sokwe 17. Walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakatekwa, wakakaa Ulaya katika vizimba. Walipofunguliwa Rubondo walijifunza tena kutafuta matunda na kujenga viota mitini, na uzao wao u hai msituni mpaka leo. Tembo na twiga nao waliletwa. Bali nzohe, yule paa apendaye mafunjo na matope, ni mwenyeji wa tangu awali, pamoja na viboko, mamba na fisi maji.

Simba hawamo, wala chui. Kwa hiyo wageni hutembea kwa miguu wakiongozwa na askari wa hifadhi. Tulikwenda nao asubuhi chini ya miti mikubwa, tukasikia sauti za sokwe kwa mbali, na kila mara tai mlasamaki alilia juu ya maji. Mwili ulichoka, lakini moyo ulipumzika.

Kesho yake ilikuwa zamu ya ndoana. Kuvua kwa ndoana katika maji ya hifadhi hakuruhusiwi pasipo kibali na ada, na nyavu ni marufuku kabisa. Saa kumi na mbili tuliingia mashuani, kila mtu amevaa jaketi okozi. Mashua huenda polepole, na nyuma yake huburutwa chambo cha bandia chenye umbo la samaki mdogo, kwa mshipi mrefu uliozungushwa katika gurudumu. Sangara akikimeza, gurudumu hulia, na ufito hupinda kama upinde. Hapo mvuvi hana haraka: humwachia samaki aende, kisha humvuta, kisha humwachia tena, hata achoke. Sangara aliyekomaa huweza kuzidi kilo 100, na si watu wote wawezao kumshinda.

Sisi hatukubahatika hivyo. Saa nne zote tulipata samaki mmoja, wala hakutimiza dhiraa moja. Nahodha alilowesha mikono yake kwanza, kwa kuwa mkono mkavu humwondolea samaki ute unaomlinda. Akamchomoa ndoana pole pole, asimguse matamvua, akamshika majini mpaka alipopata nguvu. Samaki akapiga mkia akazama. Tuliulizana, Je, tumetoka alfajiri yote kwa kitu tulichokirudisha? Lakini hakuna aliyenuna. Tulikuwa tumeona jua likichomoza juu ya ziwa, tumesema mengi, tumenyamaza mengi.

Tuliporudi Kasenda tulimkuta mzee mmoja akishona nyavu mwaloni. Tukamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akajibu, “Marahaba, wanangu. Mmetoka kisiwani?” Tulipomweleza habari zetu, aliweka sindano chini akasema, “Pale ndipo walipovua babu zetu. Leo mgeni huvua kwa kucheza, nasi tukisogea na nyavu zetu kwa ajili ya njaa twakamatwa. Nielezeni haki ya jambo hili.”

Wasomaji wetu, maneno hayo si ya kupuuzwa. Tulikaa naye mpaka jioni, na yafuatayo ndiyo tuliyoyafikiri pamoja.

Jambo la kwanza ni kipimo. Ndoana moja humshika samaki mmoja, na mvuvi aweza kumtazama, kumpima na kumrudisha. Kokoro likivutwa ufukoni halichagui. Huleta mkubwa na mdogo, huleta na mayai, tena hukwangua viota. Samaki wa kokoro akirudishwa mara nyingi amekwisha kufa.

Jambo la pili ni uzazi. Sato jike hubeba mayai yake kinywani, na vifaranga vikitoka huendelea kukimbilia kinywa hicho wakati wa hatari. Mama wa namna hiyo ahitaji maji matulivu, matete, na ghuba isiyosumbuliwa. Ghuba za Rubondo ndizo chumba cha uzazi. Na samaki hawajui mpaka wa hifadhi. Wakikua hutoka, wakaingia katika nyavu za Kasenda, za Nkome, na za visiwa vya jirani. Mzee yule alikubali neno hili. Alisema nyavu zitegwazo nje kidogo ya mpaka ndizo zenye baraka. Basi mkulima ahifadhiye mbegu hailaumiwi ghala yake kwa kuwa imefungwa.

Jambo la tatu ni lile ambalo mzee alikuwa na haki. Kama waliotoa nyumba zao hawapati kuingia, wala watoto wao hawapati kujua kwa nini, hifadhi itakuwa kwao ukuta tu. Mtu hawezi kukilinda kitu asichokijua. Twaona basi ya kuwa mapumziko ya hifadhini si anasa ya wageni peke yao. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada kwa shilingi, tena ndogo sana kuliko ya mgeni. Shule zilizo karibu na ziwa zingefanya vema kuiandikia hifadhi mapema, kuchanga kidogo kidogo, na kupeleka watoto hata mara moja kabla hawajamaliza darasa la saba. Na wakuu wa hifadhi wangefanya vema zaidi kama siku moja ya mwaka wangewapa watoto wa vijiji vya mwaloni ndoana na mwalimu wa kuwafundisha. Mzee alipolisikia hilo alisema, “Mjukuu wangu aende. Aone, kisha aje anieleze.”

Enyi walimu na wazazi, mkiwapeleka watoto majini, yashikeni haya. Kila mtoto avae jaketi okozi tangu kupanda mpaka kushuka, wala asiondolewe kwa kuwa ng’ambo iko karibu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, walikufa mamia ya watu; na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 hali kimekaribia gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Upepo wa ziwa hubadilika ghafula. Nahodha akisema turudi, rudini pasipo kubishana. Watoto wasioge wala kusimama katika maji yaliyotulia kando ya majani, maana ndipo wakaapo konokono waletao kichocho, na ndipo wajifichapo mamba.

Tena wafundisheni kupima. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 ziliweka kwamba sangara aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe, wala sato aliye chini ya sentimita 25. Rula ya shule ina sentimita 30. Mtoto aliyempima samaki kwa rula yake na kumrudisha majini kwa mkono wake hatalisahau somo hilo, hata akiwa na mtumbwi wake na nyavu zake. Samaki mkunje angali mbichi.

Tuliahidi kujibu, Je, kuvua ni mapumziko? Jibu letu ni hili. Mwenye njaa akivua, ni kazi, na kazi hiyo ina heshima yake. Lakini yafaa mtu apate pia siku moja ya kukaa juu ya maji yale yale bila kuhesabu kilo, alitazame ziwa si kama ghala la kukombwa bali kama kitu chenye uhai kinachotulisha. Atakaporudi kazini atazitazama nyavu zake kwa jicho jingine. Walimu watakaopeleka darasa zao Saanane au Rubondo na watuandikie wameona nini, na watoto wamesema nini.