Santuri ya Utu Uzima

Wahakiki wa muziki wana kipimo kimoja tusichokiridhia: kazi ya baadaye ya msanii huiweka kando ya kazi yake ya kwanza, kisha wakahesabu kilichopungua.

Kundi la Belle and Sebastian, la mjini Glasgow, Uskochi, limepimwa hivyo kwa miaka mingi. Santuri yake ya kwanza, Tigermilk, ilitoka mwaka 1996, zao la kozi ya chuo kimoja, nakala 1,000 tu. Mwaka huohuo ikafuata If You're Feeling Sinister, na kivuli cha hizo mbili hakijawaondokea.

Mwaka 2022 wakatoa A Bit of Previous, waliyoirekodi mjini kwao. Ilipokewa kwa wema, lakini mara nyingi tuliusikia kuwa ni wema wa kumsifu mzee kwamba bado anatembea. Sisi tumeisikiliza mara kwa mara. Kweli, nyimbo mbili tatu zimelegea. Lakini wimbo wa kwanza, Young and Stupid, ni wa watu wazima wanaoukumbuka ujana wao. Vijana wa 1996 wasingaliweza kuutunga, maana hawakuwa na umri wa kutazama nyuma. Hapo ndipo uhakiki ulipopaswa kuanza. (Nasi walimu tusijitoe: mara ngapi tumesahihisha insha ya kidato cha nne huku tukiitafuta ndani yake ile ya kidato cha kwanza iliyotupendeza?)

Januari 2023 wakatoa Late Developers. Kipimo kilekile kikatolewa tena mkobani.