Sauti ya Mama Ilikuwa Benchi la Nyuma



Juma hili siandiki juu ya likelemba wala juu ya sabuni. Ninaandika juu ya diski moja ya DVD iliyokaa miaka mingi katika kabati yetu hapa Lubudi, ndani ya bahasha, chini ya vitenge. Pengine na wewe unayo ya namna hiyo.

Mwezi wa nane 2006 ndugu yangu mdogo, aliyejifunza kazi ya kurekodi huko Ubelgiji, alikuja kututembelea. Siku ya Mungu akaweka mikro tano kanisani: tatu mbele ya kwaya ya wamama, mbili nyuma karibu na mlango. Mwaka ule mama yetu alikuwa akivimba miguu, hakuweza tena kusimama na wenzake wa kwaya. Alikaa benchi la mwisho pamoja na wajukuu.

Diski ilifika mwaka uliofuata. Mama alikuwa amekwisha kutuacha. Jamaa yote tulikaa mbele ya televisheni, tukasikiliza kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwaya ilisikika vizuri, lakini mama hatukumsikia. Tukasema: basi, siku ile hakuimba. Tukairudisha diski kabatini.

Baadaye nilimpa fundi wa duka moja aniwekee nyimbo zile kwenye flashi. Alinipa MP3. Sauti zilikuwa nyembamba, na diski ilirudi na mikwaruzo. Mwaka jana ikaanza kuruka na kukwama. Binti yangu mdogo, aliyepewa jina la nkambo yake, akaniuliza: "Mama, nkambo alikuwa na sauti gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikampigia simu ndugu yangu. Akauliza neno moja tu: "Yaya, umefungua folda ya AUDIO_TS?"

Sikujua kama kuna folda. Kumbe diski ile ilikuwa DVD-Audio, na ndani yake alikuwa ameweka folda mbili. VIDEO_TS ni ya mashine ya kawaida ya DVD, na sauti yake imebanwa sana. AUDIO_TS ndiyo yenye rekodi kamili, na mashine yetu haikuweza kuisoma. Tena rekodi ina njia sita: tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya sauti nzito. Televisheni yetu ina bafle mbili tu. Mashine inachanganya njia hizo ziwe mbili, na zile za nyuma inazishusha. Mama alikuwa nyuma.

Kijana wangu alikuwa likizo, ametoka masomoni Kolwezi. Tukasafisha diski kwa kitambaa laini, tukipangusa kutoka katikati kwenda pembeni, bila kuzungusha, maana kuzungusha kunaongeza mikwaruzo ile mibaya. Kwanza tukanakili diski nzima kwenye kompyuta, ili isisomwe tena na tena. Umeme ukakatika katikati, tukaanza upya usiku. Halafu tukatumia programu ya bure iitwayo foobar2000, pamoja na programu ndogo ya kuongezea inayosoma DVD-Audio. Tukaiambia igeuze nyimbo ziwe FLAC, iache njia zote sita, isishushe kipimo chochote.

Kwa nini FLAC? Kijana alinieleza hivi: FLAC ni kukunja kitenge vizuri kiingie sandukuni, ukikifungua, kitenge ni kile kile. MP3 ni kukata pindo ili kiingie. Pindo halirudi tena. CD ya kawaida inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa njia mbili. Diski yetu ilipima mara 96,000 kwa sekunde, katika kila njia. Ndiyo maana faili ni kubwa: kabla ya kukunjwa, dakika moja ya njia sita inachukua zaidi ya megabaiti 100. Tulilazimika kufuta filamu za watoto, nao walilia kidogo.

Mwisho tukafungua wimbo wa tatu katika programu ya Audacity. Mistari sita ikatokea, mmoja chini ya mwingine. Ule wa sauti nzito ulikuwa karibu mtupu. Kijana akazima mitano, akaacha ule wa nyuma kushoto.

Kwanza tulisikia benchi likilia. Mtu akakohoa. Kwaya ilisikika mbali, kama inaimba nyumba ya jirani. Halafu, karibu kabisa, mama. Alikuwa akiimba sauti ya pili, polepole, bila kukosa neno. Katikati ya wimbo akamwambia mtoto mmoja, "Nyamaza, tunaimba," akaendelea pale pale alipoachia. Mtoto yule alikuwa kijana wangu huyu huyu aliyekaa mbele ya kompyuta. Aliinama, hakusema kitu. Binti yangu akaomba turudie. Tulirudia mpaka umeme ukakatika tena.

Mnajua Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958, kwenye njia ile ile ya reli inayopita kwetu. Watu wa nchi za mbali waliisikia kwa sababu ilirekodiwa na rekodi ikatunzwa. Nyimbo zetu za harusi na za kilio nazo zinahitaji mtu wa kuzitunza.

Kwa hiyo, wamama, kila kundi litafute diski zake. Ukimpa fundi, mwombe afungue folda zote, asichanganye njia, akupe FLAC. MP3 iwe nakala ya kutuma kwa simu tu. Weka nakala mbili katika nyumba mbili. Diski za dukani mara nyingi zimefungwa kwa ufunguo, na zile za SACD kompyuta ya kawaida haizisomi. Tuanze na zile tulizorekodi wenyewe.

Kompyuta yetu ni nzee, lakini siku ya tatu kisha saa nane iko wazi kwa yeyote mwenye diski. Mje na flashi yenye nafasi, na mje mapema, kabla umeme haujakatika.